Bei ya Kuanzia

Nyumba ya Kona niliipa bei mimi, na bei niliyoipa ilikuwa ya kuanzia. Naomba hilo lieleweke mapema, kwa sababu kazini wanaamini nilipiga hesabu kubwa, na nyumbani kwa muda mrefu waliamini sikuhusika kabisa.

Mimi ni mchoraji. Kampuni yetu inatengeneza gemu la simu ambalo mtu anajiundia sura, anajivisha, ananunua nyumba katika mtaa wa kwenye kioo, anaipamba, kisha anakaa barazani kuongea na majirani. Hakuna kupigana wala kushindana. Gauni halimwongezei mtu nguvu, na nyumba haimkingi mtu na mvua, maana mvua yenyewe ni picha, niliichora mimi kwa siku mbili. Kuingia ni bure. Baada ya hapo kila kitu kinanunuliwa kwa lulu, na lulu zinanunuliwa kwa fedha ya kweli, ile yenye harufu ya jasho. Zinauzwa kwa mafungu ambayo hayalingani na bei ya kitu chochote, ili kila mara zikubakie kidogo, na hizo kidogo zikurudishe dukani.

Kabla ya kuwa mchoraji nilikuwa mtoto wa chini ya meza. Mama aliuza vitambaa vya mapazia sokoni kwa miaka thelathini na mmoja, na meza iliyogusana na yake ilikuwa ya rafiki yake, Mama Vifungo, aliyeuza vifungo, zipu na nyuzi. Nilijua kupatana bei kabla sijajua kusoma. Mteja anauliza. Mama, mita yake ya mbao mkononi, anataja bei mara tatu ya ile aliyonayo moyoni. Mteja anashika kifua, anauliza kama hicho kitambaa kimefumwa kwa dhahabu. Mama anacheka, anashuka kidogo. Mteja anapanda kidogo. Mama anasema, "Hapo sipati hata ya sabuni." Basi mteja anaondoka, lakini anaondoka polepole, kwa hatua za mtu anayesubiri kuitwa, na Mama anamwacha mpaka afike kwa muuza ndoo, meza ya sita, ndipo anapaza sauti: "Njoo basi, usiondoke na hasira!" Wanamalizana kwa bei ambayo wote wawili waliijua tangu mwanzo, na kila mmoja anaenda zake akijiona mjanja. Mimi mpaka leo siijui bei ya haki nyingine zaidi ya hiyo.

Sasa, Nyumba ya Kona. Niliichora mwaka juzi, ya kuwekwa kwenye kona ya kila mtaa wa gemu: ghorofa moja, baraza pana, madirisha sita yenye mapazia niliyoyachora kwa kukumbuka mikunjo ya vitambaa vya Mama. Mkuu wetu tunamwita Kiyoyozi, kwa kuwa hajawahi kupata joto hata pale ofisi nzima inapotoka jasho. Mpanga bei alikuwa ameacha kazi wiki ile, kwa hiyo Kiyoyozi akaniita kwenye kikao.

"Wewe ndiye umeichora," akasema. "Unaonaje, tuiuze lulu ngapi?"

Moyoni nilikuwa na elfu moja na mia mbili. Nyumba ya kawaida iliuzwa elfu moja, na hizo mia mbili zilikuwa za baraza na mapazia. Lakini nilimwona mtu mwenye fedha ameketi mbele yangu, ananiuliza bei, na mdomo ukafanya ulichofundishwa.

"Elfu tatu na mia sita," nikasema. Kisha nikaegemea kiti nikimsubiri ashike kifua.

Hakushika kifua. Aliandika. "Sawa," akasema. "Kinachofuata?"

Nilikodoa macho. Nilitaka kumwambia, ngoja basi, sema na wewe ya kwako, lakini watu walikuwa wameshahamia kwenye rangi ya viatu. Nikajipa moyo kwamba wateja wenyewe watagoma. Siku ya kwanza ziliuzwa nyumba mia nne. Na wangegoma vipi? Dukani kwetu hakuna mtu wa kumshikia kifua, kuna kitufe cha kijani tu: unakibonyeza au hukibonyezi.

Baada ya mwezi mmoja Kiyoyozi akanisifu mbele ya wenzangu kwamba nina jicho la kuona thamani. Nikapewa cheo cha mpanga bei, kiti cha kuzunguka, na mshahara ulionitoa kwenye chumba kimoja nilichokuwa nimepanga. Vilemba, mikufu, vitanda, viatu, vyote vikapandishwa ili viende sambamba na Nyumba ya Kona. Sikusema neno. Nilikuwa nimeshazoea kuzunguka.

Malalamiko yalipozidi, nikaagizwa niandike majibu ya Dada Duka. Huyo ni programu inayowajibu wateja wanaoandika kuomba kupunguziwa. "Maneno yawe ya kirafiki," Kiyoyozi akasema, "lakini asimpunguzie mtu." Niliandika sentensi arobaini mchana mmoja bila kunyanyua kichwa. Sikuzitafuta mbali, nilizisikia zote nikiwa chini ya meza.

Mwaka jana magoti ya Mama yaligoma. Akawa hawezi kusimama zaidi ya dakika kumi, na hakuna anayeuza pazia akiwa amekaa. Meza hakuiuza. Aliiacha pale pale imefunikwa turubai, na kila mwezi aliendelea kuilipia ushuru wa soko ikiwa tupu, akisema magoti yakipata nafuu atarudi. Mama Vifungo naye alichukuliwa na mwanawe, akaenda kuishi mji wa mbali. Nyumba ya Mama ikawa kimya hadi nikaogopa kwenda kumwona. Nikampa tableti yangu ya zamani, nikamwekea gemu letu. Nilijiona mtoto mwema sana siku hiyo.

Mama alilipenda kupita kiasi. Alijiita Binti Mapazia, akajiundia sura ya msichana mwenye kiuno ambacho, kwa ushahidi wa picha zote tulizonazo, hakuwahi kuwa nacho. Akanunua nyumba ndogo mwisho wa mtaa. Mama Vifungo naye akajiunga huko aliko, akawa anakuja barazani kwa Mama na wanaongea kwa sauti kama zamani, nani kaoa, nani kaolewa, nani bado ana deni la zipu. Tatizo lilikuwa moja. Mgeni asiye na nyumba katika mtaa huo hukaa dakika ishirini tu, kisha gemu linamtoa mpaka kesho yake. Kila siku, Mama Vifungo akishapamba moto na habari za mkwe wake, anatoweka. Mama anabaki anaongea na kiti.

Kanuni hiyo tuliiweka makusudi, ili watu wanunue. Nilikuwapo kwenye kikao. Nadhani hata kichwa nilitikisa kukubali.

Nyumba pekee iliyobaki katika mtaa wa Mama ilikuwa ile iliyopakana na yake. Ilikuwa Nyumba ya Kona.

"Elfu tatu na mia sita!" Mama aliniambia Jumapili moja, tukinywa chai. "Hiyo nyumba ina nini? Nimeizunguka yote, hata choo haina."

"Ni picha, Mama."

"Ndiyo nashangaa. Na hiyo ni bei ya kuanzia, mtoto yeyote anaiona. Nataka kumchukulia Mama Vifungo, naye atanirudishia kidogo kidogo. Huko kazini kwenu nani anapanga bei? Nipeleke nikaongee naye."

Chai ilikuwa mdomoni. Niliimeza na moto wake. "Ni kompyuta, Mama. Hakuna mtu."

"Kompyuta inajuaje bei? Imewahi kununua nini?"

"Nitakulipia mimi. Usijisumbue."

Aliniangalia kama nimemwambia nitamtafunia chakula. "Unilipie bei ya kuanzia? Mimi? Sokoni wakisikia nitaweka wapi uso? Niache kwanza nimshushe."

Nilicheka, yeye hakucheka.

Kila Jumatatu napitia mazungumzo ya Dada Duka na wateja. Jumatatu moja, siku nane baada ya chai ile, nilifika kwenye jina la Binti Mapazia, nikatazama kama kuna mtu nyuma yangu, kisha nikasoma.

"Habari za asubuhi dada. Mimi ni mteja wako wa kila siku."

"Karibu, mteja wangu wa nguvu! Leo nikupe nini?"

"Hii nyumba ya kona. Nina elfu moja hapa mkononi, tumalizane."

"Wewe si mgeni hapa. Ningekuwa na uwezo ningekupa bure."

"Najua dada, na mimi najua biashara ilivyo ngumu. Ni ya rafiki yangu, miguu hana kama mimi. Chukua elfu moja na mia moja."

"Hapo sipati hata ya sabuni."

Dakika nne baadaye Mama akaandika: "Haya dada, naondoka."

Baada ya saa moja: "Nimeshaondoka."

Kesho yake asubuhi: "Nimefika kwa muuza ndoo."

Keshokutwa: "Dada?"

Dada Duka hakuwa na sentensi ya kumwita mteja arudi. Niliiandika, ilikuwa ya arobaini na moja, lakini Kiyoyozi aliifuta, kwa sababu ukimwita mteja arudi ni lazima umpe kitu. Siku tatu mama yangu alisimama kwa muuza ndoo akisubiri kuitwa, na hakukuwa na mtu upande wa pili. Nikainuka, nikaenda kwa Kiyoyozi.

"Nyumba ya Kona," nikasema. "Tungeweza kuishusha?"

"Kuna nini?"

"Nahisi iko juu."

Hakukasirika, hajui kukasirika. "Wamenunua watu elfu tisa kwa bei hiyo. Tukishusha leo, wote watataka tofauti yao. Mimi sina shida, kama bei ilikosewa, inarekebishwa. Kwa hiyo niambie tu, ilikosewa?"

Hapo ndipo ningesema. Lilikuwa neno moja, tena fupi. Lakini niliona cheo kikienda na maji, nikaona kile chumba kimoja, bafu la watu wanane, na jina langu likitajwa kwenye vikao vya watu kama mfano wa kuchekesha. Nikafyata mkia.

"Hapana," nikasema. "Nilikuwa nauliza tu."

Nikarudi kwenye kiti changu na kujitungia njia ya mkato. Ijumaa nikilipwa, nitanunua lulu kwa fedha yangu, Jumamosi nitamwendea Mama, nitamwambia kompyuta imekubali elfu moja na mia mbili, atoe hizo, mimi nijazie kimyakimya. Angeshinda. Angeenda kujigamba kwa Mama Vifungo mwezi mzima. Wiki ile niliutengeneza uongo huo kama mtu anayepiga pasi shati la harusi.

Jumamosi nilifika saa nne asubuhi. Kitu cha kwanza nilichokiona ni ile mita ya mbao, imesimama nyuma ya mlango. Haikuwahi kulala nyumbani hata siku moja. Siku zote ilifungiwa sokoni, chini ya meza, pamoja na mkasi.

"Mita inafanya nini hapa?"

"Imestaafu," Mama akasema. Alikuwa ameketi kitini, magoti yamefunikwa shuka, tableti mapajani. "Meza nimemuuzia muuza ndoo. Juzi, Alhamisi."

Nikakaa bila kukaribishwa.

"Ile nyumba iliandika kwamba watu saba wanaitazama," akasema. "Saba, mwanangu, nami siwezi hata kukimbia. Nikampigia muuza ndoo simu. Akajua nina haraka, akanishusha hadi nikaona aibu. Nilimlea sokoni mimi yule, nikamfundisha mwenyewe, akanishusha. Nikampa. Nikamwambia mtoto wa jirani anisaidie kununua hizo lulu, nikabonyeza kile kitufe."

Hao watu saba hawapo. Namba ile inajiandikia yenyewe, kati ya tano na tisa, kwenye kila nyumba iliyobaki peke yake mtaani. Sikumwambia hilo. Nilikuwa na lulu nilizonunua jana yake ndani ya simu yangu, na sikujua niziweke wapi.

"Mama, ungenisubiri. Nilikwambia nitalipa."

"Nilikuwa sijui kama nafanya bei na wewe."

Alisema hivyo taratibu, akiwa ananitazama. Kisha akaigeuza tableti, akanionyesha yale mazungumzo yake na Dada Duka.

"Huyu muuzaji nilimpenda," akasema. "Siku ya kwanza nilimwambia Mama Vifungo, huyu binti amelelewa sokoni, ana maneno ya kumshikilia mtu. Jana, kazi imeshakwisha, nikakaa nikasoma tena bila haraka. Pale sokoni kila mtu ana lake. Muuza viatu hapati ya nauli. Mama Vifungo hapati ya chumvi. Muuza ndoo, ukimgusa, hapati ya ada ya watoto. Ya sabuni ni ya nani?"

Nikaitazama ile mita nyuma ya mlango.

"Nakuuliza, ya sabuni ni ya nani?"

"Ya kwako, Mama."

"Na nani alikuwa chini ya meza?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, kikao, Kiyoyozi, ile "sawa" yake, kiti cha kuzunguka, sentensi arobaini, na kile nilichokisema nilipoulizwa kama bei ilikosewa. Nililia, na hakuniambia ninyamaze. Alisikiliza akikunja na kukunjua pindo la shuka kwa vidole viwili, kama anavyopima ubora wa kitambaa.

Nilipomaliza hakugusia meza wala uongo wangu. Aliuliza swali moja tu, lile ambalo mteja na muuzaji hawaulizani kamwe.

"Moyoni ulikuwa na ngapi?"

"Elfu moja na mia mbili."

Akafikiri. "Na mimi nilikuwa nimefika elfu moja na mia moja."

"Ndiyo, Mama."

"Ilibaki mia."

"Ilibaki mia."

"Tungemalizana," akasema. "Hata kwa muuza ndoo nisingefika."

Ndipo sauti ya Mama Vifungo ikatoka kwenye tableti, imejaa furaha. Alikuwa amekaa kwenye baraza lake mwenyewe, mbele ya madirisha yangu sita. "Binti Mapazia! Umelala? Nimehesabu vyumba, nimepotea mara mbili! Lakini hujaniambia bado, yule dada mwisho alikuachia kwa ngapi?"

Mama akaisogeza tableti karibu na mdomo. Macho yake hayakutoka usoni mwangu.

"Elfu moja na mia mbili," akasema. "Nilimshusha."

"Nilijua!" Mama Vifungo akapiga makofi huko aliko. "Nani atakuweza wewe? Haya, nilifikia wapi jana kwa yule mkwe?"

Wakaanza kuongea. Nilikaa pale dakika kumi, kisha ishirini, na hakuna aliyemtoa Mama Vifungo. Mama hakunitazama tena. Chupa ya chai ilikuwa mezani, vikombe viwili, na hakunimiminia.

Nikainuka, nikasema naenda. Nikapita kando ya mita ya mbao, nikatoka, nikashuka ngazi moja baada ya nyingine. Niliondoka polepole, kwa hatua fupi, mpaka getini, mpaka barabarani, mpaka kwenye duka la mwisho kabla ya kona. Hapo nikasimama, nikijifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Dirisha la Mama lilikuwa wazi na sauti yake ilifika hadi pale, akicheka, akimwambia Mama Vifungo aendelee.

Hakuniita.